Jinsi ya Kufunga Mwaka Bila Mwaka Kukufunga Wewe

*Mwongozo wa hatua saba kwa wakulima, viongozi wa vyama, walimu wakuu, wauguzi na wajomba wa Lulindi*

Desemba ikiingia Lulindi, wilayani Masasi, kila jambo linafika kwa pamoja. Mvua za kwanza zimeanza na jembe linaita. Malipo ya korosho yanaingia benki. Vikoba vinavunjwa. Wanafunzi wa bweni wanashuka kwenye basi la Masasi na masanduku yao ya bati. Kwaya inafanya mazoezi mpaka usiku, na ndugu wa Dar es Salaam wanapiga simu kuuliza kama kuku bado wapo. Katikati ya shughuli zote hizo ipo kazi moja ambayo karibu kila mtu anaisukuma mbele: kukaa chini na kuutazama mwaka ulivyokwenda.

Muulize mwenyekiti wa chama mwaka umekwendaje, atakujibu, "Tunamshukuru Mungu, tumevuka." Muulize mwalimu mkuu, jibu ni hilo hilo. Kushukuru ni wajibu, na Mungu anaipokea shukrani. Lakini mkaguzi wa hesabu haipokei, mama watoto haipokei, na kibarua uliyemwambia "njoo Jumamosi" tangu mwezi wa tisa haipokei hata kidogo.

Ndiyo maana mwongozo huu umeandikwa. Msimamo wake ni mmoja: mwaka wa kazi hauishi kwa sababu kalenda imefika tarehe 31. Unaisha pale waliofanya kazi na wewe wanapokuwa wamesikilizwa, wamelipwa na wamepumzika. Fuata hatua kwa mpangilio wake, wala usirukie ya mwisho kwa kuwa ndiyo yenye chakula.

Vifaa vinavyohitajika

- Kaunta buku moja. Daftari la Hisabati la mwanao halifai, Januari atalitafuta.
- Kalamu ya wino. Hesabu za penseli zina tabia ya kubadilika usiku.
- Stakabadhi zote za msimu, pamoja na ile iliyofungiwa chumvi.
- Mkeka, na kivuli cha mwembe.
- Watu watatu wasiokuogopa. Ukiwakosa, hilo ndilo jambo la kwanza la kuandika kwenye kaunta buku.
- Jioni tatu, simu zikiwa zimezimwa.

Hatua ya kwanza: Hesabu kwanza, pilau baadaye

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bahati nzuri, mkulima wa korosho ana karatasi nyingi kuliko wakulima wengi nchini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, korosho hupita kwenye chama cha msingi, zikapimwa, zikapangwa daraja, zikapelekwa ghala kuu, kisha zikauzwa mnadani kupitia chama kikuu: MAMCU kwa upande wa Masasi, TANECU kwa Newala na Tandahimba. Kila kituo kina karatasi yake. Zikusanye zote.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kulia andika kilo, daraja, bei, makato na kiasi kilichoingia. Kushoto andika palizi, mifuko ya salfa, kukodi mashine ya kupulizia na mafuta yake, kuokota, magunia na usafiri. Wengi wetu huandika upande wa kulia kwa mwandiko mzuri, halafu upande wa kushoto tukauweka kichwani. Kichwa kina mambo mengine ya kubeba. Uandike.

Chukua mkulima mwenye kilo 400 kwa bei ya shilingi 3,300. Zidisha, unapata 1,320,000. Hiyo ndiyo namba inayotembea gulioni, ndiyo inayomfikia shemeji, na ndiyo inayotumika kuahidi bati za nyumba. Toa sasa yote yaliyo upande wa kushoto, kisha mwonyeshe shemeji kilichobaki.

Bei hiyo ya 3,300 ina funzo lake. Novemba 2018, baada ya wanunuzi binafsi kuweka bei za chini mnadani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Tangazo lilisikika siku moja nchi nzima. Fedha hazikufika siku moja. Wako waliosubiri kwa miezi wakati uhakiki wa mashamba ukiendelea, na wako waliokwisha kukopa kwa kutegemea lile tangazo. Kwa hiyo pembeni ya kila kiasi andika tarehe kilipofika mkononi. Fedha ya tangazo hainunui sare ya shule.

Halafu andika mstari wa kangomba. Kama ulimuuzia mtu korosho zako mwezi wa pili, mkorosho haujatoa hata ua, ukapimiwa kwa bakuli kwa sababu ndani hamkuwa na unga, uandike. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo, na kila mtu anajua inavyomkamua mkulima, lakini anayeingia humo huingia kwa njaa. Pembeni yake andika chakula kilikwisha mwezi gani. Jibu hilo ndilo mpango wako wa mwakani: robo ekari zaidi ya muhogo, mtama, au mbaazi kati ya mistari ya mahindi. Ukurasa mmoja wa ukweli kuhusu ghala la nyumbani unazuia kangomba kuliko hotuba kumi.

Hatua ya pili: Ilipe Januari kabla haijabisha hodi

Siku ya kuvunja kikoba ni siku ya furaha, na inastahili. Akina mama wamepeleka hisa wiki hadi wiki, wamegombana kuhusu faini za kuchelewa, wamekopeshana, wakalipana. Sasa sanduku limefunguliwa kwa funguo zote tatu na kila mmoja anahesabiwa gawio lake mbele ya wenzake. Wapo wanaoondoka hapo moja kwa moja kwenda kununua kitenge, kreti ya soda na spika kubwa ya muziki. Spika hiyo itauzwa mwezi wa pili kwa nusu bei, na majirani wote watajua kwa nini.

Hatua hii ni fupi. Kabla ya kuondoka kwenye mkeka wa kikoba, gawanya fedha mafungu manne: mbegu na palizi ya mvua hii, sare, madaftari na mahitaji ya bweni, matibabu, na sikukuu. Serikali ilifuta ada katika shule zake kuanzia Januari 2016, hadi kidato cha nne, na hiyo imewafungulia mlango watoto wengi. Lakini godoro, ndoo, viatu na nauli ya kwenda shuleni havikufutwa. Fungu la sikukuu lipo na halijasahauliwa. Linakuja la nne.

Hatua ya tatu: Andika mikono yote

Desemba ni mwezi wa ripoti, na ripoti zina ugonjwa wa nafsi ya kwanza umoja. "Nimejenga darasa." "Nimechimba kisima." "Nimevuna gunia ishirini." Kama kweli ungekuwa umejenga darasa peke yako, mikono yako ingestahili kuwekwa makumbusho.

Historia ya kwetu inatufundisha kuwa waangalifu hapa. Vitabu vinasema kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanzisha kijiji Masasi. Jina la Steere linajulikana. Majina ya wengi waliofyeka, waliolima, waliojenga na waliobaki pale askofu alipoondoka, yameandikwa mara chache mno. Mji umekua juu ya kazi yao.

Lulindi yenyewe ina mfano mwingine. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, alifika hapa kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Mwaka 1949 alihamia Mnero, upande wa Nachingwea. Baadaye akawa mbunge, akachukua uraia wa Tanzania, na kati ya 1975 na 1980 akawa Waziri wa Afya. Alifariki mwaka 2003. Ni maisha makubwa, na Lulindi ina haki ya kujivunia kwamba waziri wa nchi alijifunza nchi hii akiwa katika wodi zake. Lakini hebu fikiria upasuaji mmoja wa usiku katika hospitali ya kijijini ya miaka ile. Yupo aliyeshika taa. Yupo aliyechemsha vyombo. Yupo aliyeteka maji jioni, aliyekata kuni, aliyemkalisha mgonjwa na kumweleza kwa Kimakua au Kiyao kwamba asiogope, na aliyekesha naye mpaka asubuhi daktari alipokwenda kulala. Mgonjwa alipona kwa mikono yote hiyo.

Kwa hiyo fungua ukurasa mpya. Kwa kila kazi unayojivunia mwaka huu, andika walioifanya. Kama ni shamba, andika nani alipalilia, nani aliokota jua likiwa kali, mtoto yupi alitenganisha korosho na bibo baada ya shule. Kama ni zahanati, mwandike mhudumu anayefagia saa kumi na moja alfajiri. Mbele ya kila jina weka moja kati ya alama tatu: amelipwa, ameshukuriwa, anadai. Alama ya tatu tutairudia.

Hatua ya nne: Pima umbali kutoka agizo lako mpaka shambani

Hii ni ya viongozi, na kila mtu ni kiongozi wa mahali fulani, hata kama ni jikoni.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kusini. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ubwiri unga ulishambulia maua. Lakini ipo sababu ambayo wazee wa Masasi na Newala wanaieleza bila kufungua kitabu. Katika Operesheni Vijiji watu walihamishwa kwenda kukaa pamoja, na mikorosho yao ikabaki ilipokuwa. Huduma zilisogea kwa watu, na hilo lilikuwa jema. Mti haukusogea. Anayekaa mbali na shamba hapalilii vizuri, na moto ukiingia porini hayupo wa kuuzima. Uzalishaji ulirudi polepole, kwa salfa, kwa utafiti wa kituo cha Naliendele, na kwa wakulima waliorudi kwenye miti yao.

Agizo hilo la kuhama lilikuwa na nia nzuri, ila halikuuliza mkulima anatembea kwa muda gani kwenda shambani. Yatazame maagizo yako ya mwaka huu kwa jicho hilo. Uliitisha kikao saa mbili asubuhi huko juu uwandani, ambako hakuna mito na maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Akina mama walikuwa kwenye foleni ya bomba, nawe ukaandika "wanawake hawakuhudhuria." Ulimtaka mwalimu akabidhi alama Jumatatu, wakati ulimpa karatasi za mtihani Ijumaa jioni. Andika maagizo matatu uliyoyatoa bila kuuliza. Pembeni andika nani aliyabeba na yalimgharimu nini. Kisha nenda ukamwulize kama umeandika sawasawa.

Hatua ya tano: Soma matumizi kwa sauti uliyosomea mapato

Wote tumewahi kuhudhuria mkutano ambao mapato yanasomwa kwa sauti inayovuka bonde, kisha yakija matumizi sauti inashuka mpaka inakuwa ya mbu nje ya chandarua. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Ni wa yule aliyekaa nyuma kabisa karibu na baiskeli. Na yeye asikie.

Mwombe mtu mwingine asome matumizi, mwenye sauti kubwa. Mtoe mbuzi kwenye ajenda, maana kamati nyingi za Desemba zina ajenda tatu tu: kufungua, mbuzi, kufunga. Badala yake weka kipengele kiitwacho "Yaliyotushinda," na uwe wa kwanza kusema. Kiongozi akianza, wengine watafuata. Asipoanza, kitapita kimya kimya mpaka ajenda ya kufunga.

Anayehofia kwamba kukiri kunashusha hadhi amtazame mwana wa Masasi aliyeshika nafasi kubwa kuliko zote. Benjamin Mkapa aliongoza nchi kuanzia 1995 mpaka 2005, na mwaka 2019 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake, *My Life, My Purpose*. Humo alizungumzia mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, akakiri kwamba yameacha doa katika urais wake. Kukiri hakukuwarudisha waliokufa, na hakumaanishi kwamba deni limelipwa. Lakini kuliandikwa, kwa jina lake, angali hai. Alipozikwa kijijini kwao Lupaso Julai 2020, kitabu kilikuwa kimeshasomwa. Kama rais aliweza kuliandika hilo, mweka hazina wa chama anaweza kusema magunia kumi na mawili yaliloweshwa na mvua kwa sababu turubai lilisahauliwa.

Hatua ya sita: Mpe mwingine mhuri

Mhuri wa chama uko kwenye mkoba wako. Funguo za ghala ziko mfukoni mwako. Laini ya simu ya kikundi iko kwenye simu yako, na neno la siri unalijua wewe na Mungu. Ukiugua malaria wiki moja, wanachama mia mbili wanaugua pamoja nawe.

Julius Nyerere aling'atuka urais Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Nchi iliendelea na ofisi ikapata mwenyewe. Kipimo hicho kinatosha kwa chama cha msingi, kwa shule, kwa kwaya na kwa ukoo. Chagua kazi moja unayoifanya peke yako, umfundishe mtu Desemba hii, halafu Januari umwachie aifanye nawe ukae pembeni. Atakosea. Mwache amalize ndipo umwelekeze.

Wajomba, hatua hii ni yenu pia. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kuhusu jando, ndoa na ugomvi wa wapwa. Desemba kila mpwa anarudi na kesi yake. Mjomba anayesikiliza zote peke yake huanza mwaka amechoka na ana maadui wapya. Mkalishe mpwa mmoja mwenye busara karibu nawe asikilize na aulize maswali. Siku usipokuwepo, ukoo utakuwa na mtu anayejua kesi ya shamba la bondeni ilianzia wapi.

Hatua ya saba: Pumzika, na pumziko ligawanywe sawa

Wazee walikuwa na mpangilio. Mvua ilikuwa ya kulima. Mavuno yakishaingia ghalani ndipo ngoma zilipolia, vijana wakaenda jandoni na mabinti wakachezwa unyago. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, aliutambua uzito wa kalenda hiyo. Hakujaribu kuling'oa jando, alilipa sura ya Kikristo. Siku hizi simu imeifuta mipaka hiyo yote. Ujumbe wa ofisini unaingia saa tatu usiku, na kundi la WhatsApp la kamati halijui Krismasi.

Kwa hiyo upange mapumziko kama unavyopanga palizi. Tangaza siku ambazo hutapokea simu za kazi, na utaje nani atazipokea. Wapeleke watoto Newala wakaone Shimo la Mungu; wengi wamezaliwa jirani nalo na wameliona kwenye picha tu. Kunywa juisi ya mabibo. Ukinywa uraka, ile pombe ya mabibo, kunywa ukiwa umekaa na rudi nyumbani kabla haujakukalisha wenyewe. Muulize mwanao wa kidato cha pili anasoma nini, kisha usimkatize.

Halafu tazama jikoni. Pumziko la baba linalopikwa na mama kuanzia alfajiri ni kazi ya mama kwa jina lingine. Siku ya sikukuu wanaume wateke maji, wakate kuni na wachinje kuku wenyewe. Vijana waoshe sufuria. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo, kivulini, aulizwe mwaka wake ulikuwaje, na jibu lake liandikwe kwenye kaunta buku kwa wino ule ule.

Sasa pilau inaweza kupakuliwa. Lakini kabla ya kijiko cha kwanza, fungua ukurasa wa mikono yote na utafute ile alama ya tatu. Yule kijana aliyepalilia ekari mbili, yule mama aliyeokota wiki nzima, yule fundi aliyekarabati paa la ofisi kwa ahadi. Nao wana watoto, na kwao pia ni sikukuu. Mpigie, umwite, umlipe leo. Hapo ndipo utakuwa umefunga mwaka.